Meli iliyoacha kuja

Nilikuwa nyumbani Kingolwira. Jumapili nimekaa chini ya mwembe, Uluguru imejifunika mawingu lakini huku chini jua linachoma kama kawaida. Mkononi simu, naangalia picha za watoto wa Kiingereza wamejikunyata kwa baridi juu ya sitaha ya meli, pwani ya Norway, miaka ya 1970. Shangazi akachungulia.

“Hao ndugu zako?”

Nikamwambia, hapana shangazi, ila hiyo meli ni ya kwetu.

Kwa namna fulani ni kweli. Meli hiyo iliitwa Uganda. Ilijengwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952, ikiungana na pacha wake, Kenya. Wenyewe ni kampuni ya British India, na njia yake ilikuwa London mpaka huku: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar, Beira. Ilibeba abiria 300 katika madaraja mawili, wengi wao maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na familia zao, wakienda likizo na kurudi. Kwenye chumba cha kuvutia sigara kulikuwa na pembe za ndovu. Pembe zimesafiri kwao siku zote, hilo halishangazi.

Marehemu babu alikuwa manamba, alikata mkonge kwenye mashamba ya huku kwetu, baadaye akakimbilia Dar kufanya ukuli bandarini. Alikuwa akituambia habari za meli nyeupe yenye bomba jeusi na mistari miwili myeupe. “Nimebeba masanduku yao mpaka mgongo ukapinda, mjukuu wangu. Ndani kulikoje, usiniulize.” Halafu anacheka. Siku moja, anasema, ikaacha kuja.

Kwa nini iliacha? Uhuru ulikuja, na maofisa waliolipiwa nauli wakarudi kwao moja kwa moja. Waliobaki wakapenda ndege. Mwaka 1967 Uganda iliondolewa kwenye njia yetu, ikapelekwa Hamburg kutengenezwa upya. Kenya haikuwa na bahati, ilikatwa vyuma mwaka 1969. Uganda ikaanza maisha mapya mwaka 1968 kama meli ya utalii wa wanafunzi: zaidi ya 900 kwenye mabweni, na watu wazima 300 kwenye vyumba vya zamani vya mabwana.

Siku yao baharini ilikuwaje? Kengele asubuhi, foleni ya chakula, kisha darasani, ndiyo, darasani, katikati ya bahari! Mwalimu anaeleza bandari ya kesho. Mchana michezo ya sitahani, wengine wanatapika pembeni. Kaskazini kule wakati wa kiangazi jua linagoma kuzama, kwa hiyo usiku bwenini mwanga bado upo nje na usingizi hauji. Waliopanda sasa ni wazee, na wameandika kumbukumbu nyingi. Nimesoma nyingi, nikitafuta hata mstari mmoja wa kuli wa Dar. Wapo mabaharia wa Kihindi na wahudumu wa Kigoa. Babu simwoni.

Aprili 1982 meli ikiwa Mediterania na wanafunzi ndani, serikali ya Uingereza iliichukua kwa vita vya Falklands. Watoto waliteremshwa Naples, meli ikakimbizwa Gibraltar, ikapakwa misalaba myekundu na kugeuzwa hospitali kwa siku chache tu. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, wakiwemo Waajentina. Mwaka 1986 iliuzwa kwa wakata vyuma wa Taiwan. Ikiwa inangoja zamu yake pale Kaohsiung, Agosti mwaka huohuo, kimbunga Wayne kikailaza ubavu.

Shangazi alisikiliza yote haya akichambua mchicha. Kisha akaomba simu, akaivuta picha karibu na macho, akaitazama sana.

“Kumbe baba hakuwa anatudanganya,” akasema. “Mistari miwili.”