Jimbo Linalojisemea Ng'ambo

Mwezi Februari 1968, mawaziri wa elimu wa nchi zinazotumia Kifaransa walikutana Libreville, mji mkuu wa Gabon. Kati yao aliketi Jean-Guy Cardinal, waziri wa elimu wa Quebec. Quebec si nchi, ni jimbo la Kanada. Hata hivyo mwaliko ulikuwa umetumwa moja kwa moja kwa serikali ya jimbo bila kupitia serikali kuu iliyoko Ottawa, na mgeni huyo akapokewa kwa heshima zote anazopewa waziri wa taifa huru. Kanada yenyewe haikualikwa.

Nyuma ya mwaliko huo ulikuwapo mkono wa Ufaransa. Nusu mwaka kabla, Julai 1967, Rais Charles de Gaulle alisimama kwenye roshani ya ukumbi wa jiji la Montreal, akautakia uhuru umati uliokuwa chini yake, na ziara yake ikavunjika kabla hajafika Ottawa. Serikali ya waziri mkuu wa Kanada, Lester Pearson, isingethubutu kukata uhusiano na Paris kwa ajili ya mkutano wa Libreville. Ikamgeukia aliye mdogo: wiki chache baada ya mkutano, Kanada ikasitisha uhusiano wake wa kibalozi na Gabon, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka 8 ya uhuru.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama ugomvi wa wakubwa wawili, Paris na Ottawa, na mji wa Afrika ukiwa ukumbi tu wa kukodi. Kusimulia hivyo ni kuidhulumu historia. Kiti ambacho Quebec inakalia leo katika jumuiya ya nchi za Kifaransa kilipatikana Afrika, kwa mikutano iliyofuatana ya Libreville, Kinshasa na Niamey, na waliokitafutia mahali mezani walikuwa viongozi wa Kiafrika waliokuwa na sababu zao wenyewe za kutaka jambo hili liishe vizuri.

Lakini kwanza tuulize: jimbo lilipata wapi ujasiri wa kwenda ng'ambo kwa jina lake?

Jibu la kisheria lilitoka London mwaka 1937. Kanada ilikuwa imeridhia mikataba ya kimataifa kuhusu saa za kazi, mapumziko ya wiki na kima cha chini cha mshahara, na bunge la Ottawa likatunga sheria za kuitekeleza. Shauri likafika kwa majaji wa Baraza la Faragha, ambao wakati huo ndio walikuwa rufaa ya mwisho ya Kanada. Wakaamua kwamba serikali kuu inaweza kutia saini mkataba wowote, lakini ikiwa jambo lenyewe liko chini ya majimbo kwa mujibu wa katiba ya 1867, ni mabunge ya majimbo tu yenye uwezo wa kulifanya sheria. Kwa hiyo mtu aliyetaka kufanya mapatano na Kanada kuhusu shule, hospitali au kazi alilazimika, atake asitake, kuzihesabu serikali za majimbo.

Kwa muda mrefu Quebec haikuitumia sana nafasi hiyo. Iliwahi kuwa na mjumbe Paris kuanzia 1882, Hector Fabre, na ofisi ya biashara New York tangu 1940. Mambo yalibadilika miaka ya 1960, serikali ya waziri mkuu wa jimbo, Jean Lesage, ilipoanza kuijenga upya Quebec: ikayataifisha makampuni ya umeme, ikaunda wizara ya elimu, ikafungua nyumba ya uwakilishi Paris mwezi Oktoba 1961. Februari 1965 ikatia saini mapatano ya elimu na Ufaransa.

Tarehe 12 Aprili 1965 waziri wa elimu, Paul Gérin-Lajoie, mwanasheria wa katiba aliyesomea Oxford, alizungumza Montreal mbele ya wawakilishi wa kibalozi wa nchi za nje. Hoja yake haikuwa ngumu. Ikiwa jimbo ndilo litakalotekeleza mkataba kwa walimu wake, madaktari wake na fedha zake, basi jimbo hilo ndilo lijadiliane na ndilo litie saini. Waziri wa mambo ya nje wa Kanada, Paul Martin, alijibu baada ya siku chache kwamba mbele ya mataifa Kanada ni moja tu. Serikali zote zilizoitawala Quebec tangu siku hiyo, za wanaotaka kujitenga na za wasiotaka, zimeushika msimamo wa Gérin-Lajoie.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujitenga. Mwaka 1970 alikabidhiwa uongozi wa CIDA, shirika la misaada la serikali kuu ya Kanada, akaliongoza hadi 1977. 

Turudi kwenye mikutano. Januari 1969 mawaziri wa elimu walikutana tena, safari hii Kinshasa. Congo haikutaka kurudia fedheha ya Gabon, ikapeleka mwaliko kwa Kanada. Ottawa nayo ilikuwa imejifunza. Ikaunda ujumbe mmoja wenye sauti za majimbo: Louis Robichaud, waziri mkuu wa jimbo la New Brunswick na Mfaransa wa Acadia kwa asili, akauongoza pamoja na Jean-Marie Morin wa Quebec. Kila mmoja akarudi nyumbani bila kuaibika.

Kisha ikaja Niamey. Rais Hamani Diori wa Niger alikuwa na ndoto kubwa kuliko bendera ya Quebec. Yeye, Léopold Sédar Senghor wa Senegal na Habib Bourguiba wa Tunisia walikuwa wakihimiza chombo cha ushirikiano cha nchi zinazotumia Kifaransa, na waliona wazi kwamba ugomvi wa Wakanada ungeweza kukizamisha kabla hakijaanza. Walihitaji fedha za Kanada, na walihitaji Ufaransa isisuse. Dawa ikapatikana katika kifungu kimoja cha hati iliyotiwa saini Niamey tarehe 20 Machi 1970: serikali isiyo ya nchi huru inaweza kuwa serikali shiriki ndani ya chombo hicho, mradi nchi yake imeridhia. Rwanda na Burundi zilikuwa miongoni mwa waasisi. Jean-Marc Léger, mwandishi wa habari wa Quebec, akachaguliwa katibu mkuu wa kwanza.

Ilichukua mwaka mwingine na nusu kwa Ottawa na Quebec kuafikiana juu ya mambo ambayo mtu wa nje angeyaona madogo: bendera iwekwe wapi, kibao cha mezani kiandikwe nini, nani aseme lini. Oktoba 1971 wakamaliza. Kiti kipo, bendera ipo, na jina la jimbo huandikwa pamoja na la Kanada. Mpango huo umedumu zaidi ya nusu karne, na New Brunswick ikapewa wake mwaka 1977. Sijui kifungu kingine cha mkataba wa Kiafrika wa enzi hizo kilichotatua ugomvi wa wazungu kwa ufanisi kama hicho, na inasikitisha kwamba Diori hatajwi panapostahili.

Mtu wa Bukavu au Bujumbura anayetaka kuhamia Montreal kwa ujuzi wake wa kazi huukuta mgawanyo huu wa madaraka kwenye makaratasi yake. Kwa mapatano ya 1991 kati ya Ottawa na Quebec, jimbo ndilo linalowachagua wahamiaji wa aina hiyo. Mwombaji hushughulika kwanza na Quebec, inayopima elimu yake, kazi yake na Kifaransa chake. Akikubaliwa hupewa cheti cha kuchaguliwa, na hapo ndipo serikali kuu huchunguza afya na usalama, kisha kutoa ukaazi. Ni serikali mbili, mafaili mawili na foleni mbili.

Upande wa biashara, silaha kubwa ya Quebec imekuwa maji. Robert Bourassa, waziri mkuu wa jimbo, alizindua mwaka 1971 mradi wa kuzuia mito inayoingia Ghuba ya James na kuzalisha umeme, sehemu yake ikiuzwa New York na majimbo ya New England. Katika biashara hii jimbo lilishughulika moja kwa moja na majimbo ya nchi jirani. Ila mito ile ilipita katika ardhi ya Wacree, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao hawakuulizwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 wakatia saini mkataba na serikali zote mbili, ya Quebec na ya Kanada.

Bourassa alipoleta mabwawa mengine kwenye mto Great Whale, Wacree walifanya jambo ambalo Quebec ilipaswa kulielewa kuliko mtu yeyote: wakaenda ng'ambo kujisemea. Masika ya 1990 walijenga pamoja na Wainuit chombo walichokiita odeyak, nusu mtumbwi wa Kicree na nusu kayaki ya Kiinuit, wakasafiri nacho kutoka Ghuba ya Hudson hadi jiji la New York. Chifu mkuu Matthew Coon Come na wenzake waliwaendea wanunuzi wenyewe wa umeme, wakawaeleza taa zao zitawashwa kwa gharama ya nani. Mwaka 1992 New York ikajitoa katika mkataba mkubwa wa kununua umeme huo. Novemba 1994 Jacques Parizeau, waziri mkuu aliyetaka Quebec iwe nchi huru, akauweka mradi kando. Mwaka 2002 Quebec na Wacree walitia saini mapatano mapya, safari hii yakizungumzwa kama ya taifa na taifa. Naona hapo haki ilitendeka, ingawa kwa kuchelewa.

Hoja ya Gérin-Lajoie ya 1965 ilipata ushindi wake mkubwa wa kibiashara Ulaya. Jean Charest, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo, aliusukuma mkataba wa biashara kati ya Kanada na Umoja wa Ulaya, na mazungumzo yalipoanza mwaka 2009 Wazungu wa Brussels wenyewe walitaka majimbo yawe mezani, kwa kuwa walitamani zabuni za serikali za majimbo na miji, ambazo Ottawa haiwezi kuziahidi peke yake. Quebec ilimtuma Pierre Marc Johnson, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo. Oktoba 2016 kila kitu kilipokuwa tayari, mkataba ulikwama kwa muda kwa sababu ya mkoa mmoja wa Ubelgiji, Wallonia, chini ya Paul Magnette, uliotaka dhamana zaidi kwa wakulima wake na juu ya mahakama za wawekezaji. Ulitiwa saini tarehe 30 Oktoba. Jibini ya Ulaya ikafunguliwa mlango wa takriban tani 17,700 zaidi kwa mwaka bila ushuru, na watengenezaji wadogo wa jibini wa Quebec wakahofia kuumia.

Mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini ulipojadiliwa upya kuanzia 2017, majimbo hayakupewa kiti kama kile. Mjumbe wa Quebec, Raymond Bachand, alikuwa akifuatilia kutoka nje ya chumba, akipewa taarifa na kutoa ushauri. Washington haikuwa na haja ya majimbo, na Ottawa haikuona sababu ya kulazimisha.

Bado jimbo lina yaliyo yake. Pombe inayoingia Quebec huagizwa na shirika la serikali ya jimbo, SAQ. Rais Donald Trump alipoipiga Kanada ushuru tarehe 4 Machi 2025, serikali ya Quebec iliamuru shirika hilo liondoe pombe zote za Marekani kwenye rafu zake na liache kuzisambaza kwenye baa na migahawa. Mvinyo wa California na wiski ya Kentucky vikatoweka madukani. Lakini viwanda vya aluminiamu vya Saguenay, ambavyo soko lao kubwa ni Marekani, havikupata nafuu yoyote kwa hatua hiyo: ushuru wao ulikuwa ukijadiliwa kati ya Ottawa na Washington.