Watani wa Jadi: Je, Mwana Yanga Aweza Kuishangilia Simba?



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani. Kwa kuwa nilifundisha somo la Historia kwa miaka mingi hadi nikastaafu, nadhani alitegemea habari za vita vya Maji Maji au za Wajerumani. Naomba radhi. Nitaandika juu ya mpira. Lakini hii nayo ni historia, na ndani yake limo deni ambalo nimelibeba tangu nikiwa Kidato cha Pili katika shule hii.

Swali lenyewe ni hili: timu ya mtani wako inapopambana na timu ya kutoka nchi ya nje, wewe umshangilie nani? Wengi huliona ni swali la vijiweni. Mimi liliwahi kunipotezea rafiki.

CHIMBUKO LA UTANI

Kwetu Nyakunguru ni mbali sana na Dar es Salaam. Nilipokuwa mtoto sikumjua mtu hata mmoja kijijini aliyewahi kuingia Uwanja wa Taifa. Hata hivyo redio moja ya betri ilitosha kukigawa kijiji pande mbili. Baba yangu mdogo alikuwa Yanga, nami nikawa Yanga. Sikuchagua, kama nisivyochagua ukoo.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia kwa makini, niligundua jambo ambalo baba mdogo hakuniambia. Pande hizi mbili zimetoka tumbo moja. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya wanachama walijitenga wakaunda timu yao. Timu hiyo ilitumia majina ya Kiingereza, na lililodumu zaidi ni Sunderland, jina la timu ya huko Uingereza. Mwaka 1971 ndipo ikaitwa Simba. Klabu moja ikakaa Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine.

Wala ugomvi wa kugawanyika haukuishia hapo. Mwaka 1976 Yanga yenyewe ilipasuka tena, ikazaliwa Pan African, ambayo ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982. Sisi watu wa Tarime hatuwezi kushangaa. Tunajua jinsi koo zenye babu mmoja zinavyoweza kukataana kwa ajili ya mpaka wa shamba au ng'ombe, mpaka wazee wa inchama wakae chini.

MWAKA 1974

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Pili. Kitanda cha juu yangu alilala kijana wa Simba. Tulikuwa tunagawana sabuni, daftari na karanga zinazotoka nyumbani. Kila siku tulitaniana, na kila siku tulikwenda shambani pamoja na majembe yetu.

Tarehe 10 Agosti timu zetu zilikutana Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa taifa. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ilikuwa kama kuletewa harusi mlangoni. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Mwenzangu akacheka mpaka dakika za mwisho, Gibson Sembuli aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, Yanga ikashinda 2-1. Nilimtania mwenzangu majuma mawili. Alinunua karanga za kunilipa, tukazila pamoja. Hapakuwa na kosa lolote.

Lakini mwaka huo huo Simba ilikuwa safarini katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Iliitoa Hearts of Oak ya Ghana, ikaingia nusu fainali. Hakuna timu ya nchi yetu iliyokuwa imefika hapo. Yanga tulikuwa tumeishia robo fainali mwaka 1969, tulipotoka sare na Asante Kotoko, nao wakapita kwa kura ya shilingi. Sasa Simba ilikutana na Mehalla ya Misri. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0. Huko Misri ikafungwa 1-0, zikapigwa penalti, na Simba ikatolewa.

Habari ilipofika bwenini, mimi nilichukua sahani yangu ya bati nikaipiga kwa kijiko, nikapita katikati ya vitanda nikiimba jina la Mehalla. Wana Yanga wengine walinifuata. Hatukuwa na habari hata Mehalla iko upande gani wa Misri.

Mwenzangu hakusema neno. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia, ananitazama. Kesho yake alihamisha godoro lake kwenda bweni jingine. Tangu siku hiyo hadi tulipomaliza Kidato cha Nne tulizungumza mambo ya darasani tu.

SIMU YA NENO MOJA

Kwa muda mrefu nilifikiri mwenzangu alikuwa na roho nyepesi. Mbona ya Nyamagana aliyavumilia? Jibu nililipata mwaka 1977. Tarehe 19 Julai Simba iliifunga Yanga mabao 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Lilikuwa jibu la mwaka 1968, Yanga ilipoishindilia Sunderland mabao 5-0.

Siku chache baadaye nilipokea simu ya maandishi kutoka posta. Wakati huo ulilipa kwa kila neno, na mpelekaji alikuwa amelipia neno moja tu: SITA. Haikuwa na jina, lakini nilimjua. Nilicheka peke yangu pale posta mpaka karani akaniuliza kama nimepata mtoto. Nilimwandikia barua, naye akajibu. Urafiki ukafufuka, ingawa hakuna kati yetu aliyeitaja Mehalla.

Ndipo nilipoanza kuelewa. Sita zile zilikuwa utani. Sahani yangu ya bati haikuwa utani. Wazee wetu wa Tanzania walijua tofauti hiyo kabla mpira haujafika. Makabila yenye utani hutukanana mpaka mgeni adhani watauana. Lakini msiba ukitokea, mtani ndiye anayefika kuchimba kaburi na kupika. Atafanya mzaha mbele ya maiti, na wafiwa watacheka huku wanalia. Jambo moja tu halifanyi: hashangilii kifo. Mimi usiku ule nilishangilia.

MAJARIBU MENGINE

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana. Kwa kuwa tuko karibu na mpaka, redio ya Kenya tuliipata vizuri, na tuliifuata Gor Mahia hatua kwa hatua. Ilitoka sare 2-2 na Esperance huko Tunis, kisha 1-1 mjini Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Tulishangilia Tarime kama Isebania. Usiku ule nilijiuliza swali ambalo sikuweza kulikwepa: kama naweza kuishangilia timu ya nchi jirani kwa sababu tu tunavuka mto mmoja, iweje nisiweze kuishangilia timu ya nchi yangu?

Miaka sita baadaye nafasi ikaja. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilikwenda Abidjan ikatoka 0-0 na Stella. Ilibaki kushinda nyumbani tu. Mwenzangu alikuwa akifanya kazi Musoma. Nilipanda basi nikamfuata, nikamwambia, "Mura, leo mimi ni Simba kwa dakika tisini." Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti cha pili karibu na redio.

Uwanja wa Taifa ulijaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwepo. Boli Zozo wa Stella alifunga mara mbili. Simba ikalala 2-0. Nje tulisikia watu wakishangilia, na hawakuwa watu wa Abidjan. Nilijua vizuri ni watu gani, kwa maana niliwahi kuwa mmoja wao. Mwenzangu alizima redio. Akasema, "Sasa umejua inavyouma." Nilikuwa nimejua.

WANAOSEMA HAPANA

Sitaki wasomaji wadhani kwamba wenye maoni tofauti hawana hoja. Wanayo. Wanasema klabu si Timu ya Taifa. Haikuchaguliwa na wananchi wote, na mtu hawezi kuamriwa apende. Wanasema pia kwamba ushindani huu ndio uliozikuza klabu zote mbili, na kuulainisha ni kuuua. Mwaka 2024, Simba ilipokaribia kucheza na Al Ahly na Yanga na Mamelodi Sundowns, waziri wa michezo wa wakati huo alisema wenye kuvaa jezi za wageni waonyeshe pasipoti. Wengi walicheka, wengine walikasirika. Mimi nadhani moyo wa shabiki hauongozwi kwa pasipoti.

Hata mwenzangu amenifundisha hilo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikashinda 1-0 huko Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Nilimpigia simu usiku huo, nikitegemea malipo ya 1993. Akanijibu kweli: "Mura, nimejaribu, koo limekataa. Lakini sikumshangilia mgeni. Nilikaa kimya." Nilimshukuru kwa kimya hicho kuliko ambavyo ningemshukuru kwa kelele.

Kwa hiyo njia si mbili, ni tatu: kumshangilia mtani, kunyamaza, au kumshangilia anayemwua. Mbili za kwanza ni za muungwana.

Tena iko hesabu. Shirikisho la Afrika huzipa nchi kumi na mbili bora nafasi nne za klabu badala ya mbili, kwa pointi ambazo klabu za nchi hiyo zimepata katika miaka mitano. Simba ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, pointi zile hazikuwa za Msimbazi peke yake. Mwaka 2021 Biashara United ya hapa kwetu Mara ilishika nafasi ya nne katika Ligi Kuu, na kwa nafasi hiyo ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa nafasi mbili za zamani ingebaki Musoma. Biashara haikudumu katika Ligi Kuu, lakini siku ile wana Yanga wote wa Mara tuliokuwa tukishangilia tulikuwa tunakula jasho la Simba, tupende tusipende.

KWA WANAFUNZI WA SASA

Mwezi Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco. Ilikuwa imefungwa 2-0 ugenini. Siku ya marudiano Zanzibar, mjukuu wangu aliingia sebuleni amevaa fulana ya rangi ya machungwa. "Babu, leo mimi Berkane," akasema. Sikumkemea. Nilimsimulia habari ya sahani ya bati, kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza, akanyamaza, akaenda chumbani. Aliporudi amevaa shati la shule. Hakuishangilia Simba, wala sikumwomba. Simba ilitangulia kufunga, ikaishia sare 1-1, kombe likaenda Morocco. Kijana alisema tu, "Pole yao." Kesho yake aliwatania wenzake wa Simba mpaka wakamkimbiza, na hilo ni haki yake.

Namalizia na deni langu. Mwenzangu yule amethibitisha kwamba atafika katika mkutano wetu. Katika miaka yote hii tumekula, tumezikana wazazi, tumeozeana watoto, lakini sijawahi kumwomba radhi kwa maneno kwa ajili ya usiku ule wa 1974. Naomba radhi hapa, mbele ya wanafunzi wenzetu wa zamani na wa sasa.

Karanga nitaleta mimi. Lakini ile Nyamagana, mura, hiyo sikuombi radhi hata kidogo.