Nyufa za glezi
Nyufa za glezi ni mipasuko myembamba kama nywele katika utando wa kioo unaofunika chombo cha udongo. Hutokea utando unaposinyaa zaidi kuliko udongo wakati wa kupoa. Lawama ya chombo kuficha uchafu huangukia nyufa, ilhali la msingi ni udongo wenyewe: uliochomwa hadi kukaza haunyonyi maji, uliochomwa kidogo huficha mabaki ya chakula. Yawezekana kuuliza mbona mtungi wa vijiji vya nyanda kavu kama Busi, wilayani Kondoa, hauna glezi kabisa na unatumika. Naam, lakini huwekwa maji, na jasho lake ndilo huyapoza. Bakuli lenye nyufa, kinyume chake, huwekwa maziwa, ambayo huacha mabaki. Hatari kubwa zaidi, madini ya risasi ndani ya glezi, huweza kuvujia kwenye chakula kichachu kama ukwaju hata pasipo ufa.