Chumvi, Karafuu na Maziwa: Historia ya Kuhifadhi Nyama



Ndugu wasomaji, kila ipitapo Idi ya kuchinja, swali hurudi majumbani kwetu hapa Kobero: nyama iliyobaki tutaihifadhi vipi isiharibike?

Swali hili lilikuwepo Madina. Mwaka mmoja, wahitaji walipoingia mjini kwa wingi, Mtume (S.A.W.) alikataza kuweka nyama ya udhia zaidi ya siku tatu ili nao wapate. Baadaye aliruhusu watu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Waarabu wa zama hizo walihifadhi nyama kwa kuikata vipande virefu, kuitia chumvi na kuianika juani. Waliiita kadidi.

Ukanda wetu nao ulikuwa na chumvi yake. Uvinza, ng'ambo ya mpaka kando ya mto Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ilifika Buha, Burundi na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Uvinza kwenda Ujiji, na kwa njia hiyo Uislamu nao ukaingia Burundi. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo karafuu zilianza kupandwa Zanzibar.

Je, vitu hivi vinafanya kazi gani? Chumvi na jua huondoa maji ambayo bakteria huyahitaji. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, inayoharibu utando wa bakteria. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, nayo huwadhuru. Hata maziwa yaliyoganda yana siri yake. Mwaka 1928 watafiti waliona kwamba baadhi ya bakteria wa maziwa huwazuia wenzao. Kitu wanachokitoa kikapewa jina la nisini mwaka 1947, na mwaka 1969 wataalamu wa FAO na WHO wakakikubali kitumike katika chakula. Leo hutumika katika jibini na baadhi ya nyama za kiwandani.

Lakini tusidanganyike. Nisini peke yake haiwawezi vizuri salmonela na ikolai. Mafuta ya nyama hupunguza nguvu ya karafuu, na ukiitia kwa wingi wa kuua bakteria wote, nyama hailiki tena. Viungo vinasaidia, ila havichukui nafasi ya usafi, moto na baridi. Tena harufu yake nzuri yaweza kuficha uharibifu.

Afrika Kusini iliona msiba huo mwaka 2017 na 2018. Bakteria aitwaye listeria, anayeweza kukua hata ndani ya friji, aliingia katika poloni, nyama ya kusagwa iliyo tayari kuliwa. Waliougua walizidi 1,000 na waliofariki walizidi 200, wakiwemo watoto wachanga wengi.

Ndugu zangu, tumeamrishwa chakula kilicho halali na kilicho twayyib. Kuchinja kwa Bismillah ni sharti, lakini hakuoshi kisu kichafu wala hakupozi soseji iliyoshinda juani. Kwa hiyo tuoshe mikono na visu, tukate nyama nyembamba kabla ya kuitia chumvi, tuifunike nzi wasiitue, na tuipike mpaka ndani. Mama mjamzito asile soseji wala poloni bila kuipasha moto mpaka itoe mvuke.