Nozo ya Naitrasi: Hapa Toboa, Hapo Usijaribu

Chupa iko kwa buti, solenoidi ziko, paipu ziko, na fundi amesimama na drili anakuuliza, "Mkubwa, nitoboe wapi?" Usimwambie popote penye kuna nafasi. Hapo ndipo wasee wengi huchomeka, na injini hukuwa haina kosa.

Kwanza ujue hii gesi ni nini, juu sinema zimetudanganya sana. Naitrasi oksaidi haiwaki kama petroli. Inabeba oksijeni. Ikiingia kwa silinda na joto ifike kama digrii 300, inavunjika na kuachilia hiyo oksijeni. Ukiipima kwa uzito, oksijeni ni karibu asilimia 36 ya naitrasi, na kwa hewa ya kawaida ni kama 23 tu. Wajerumani waliitumia kwa ndege zao wakati wa Vita Vikuu vya Pili, juu huko angani hewa ni nyepesi. Na wewe wa Nairobi uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, mahali presha ya hewa iko chini ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 18. Kama ndai yako haina turbo, hapa tayari inapumua kwa shida.

Sasa, oksijeni ikiongezeka, lazima petroli iongezeke. Gesi ikifika bila mafuta yake, moto unakuwa mkali kushinda vile pistoni inaweza kuvumilia, na pistoni inayeyuka. Kwa hivyo swali la pahali pa nozo ni swali la petroli: itatoka wapi, na itafikia kila silinda ama itaishia njiani?

Kuna nozo za aina mbili. Nozo kavu inapuliza gesi peke yake, na petroli ya ziada inaongezwa na injekta za gari. Nozo ya mchanganyiko inapuliza gesi na petroli pamoja, zikitoka mdomo mmoja. Usichanganye sheria za hizi mbili.

Tuanze na ya mchanganyiko, juu ndiyo watu hukosea nayo sana. Ikiwa ni nozo moja tu, iweke karibu na throtobodi, kitu kama sentimita 10 hadi 20 kabla yake, kwa paipu iliyonyooka, mdomo ukiangalia injini na ncha ikiwa katikati ya paipu. Usiiweke huko nyuma karibu na filta eti kwa sababu ni rahisi kutoboa plastiki. Gesi inapinda kona vizuri, lakini matone ya petroli ni mazito, hayapindi. Yanagonga ukuta, yanateremka, yanatengeneza kidimbwi. Silinda moja inapata petroli mob, jirani yake inabaki na njaa, na hiyo yenye njaa ndiyo inayeyuka. Kile kidimbwi nacho kikishika moto, utaskia mlio. Na si ile milio ya egzosti mnapiga mkishuka Thika Road usiku. Hii inatokea upande wa boneti, na inaweza kupasua manifodi.

Ndio maana cheki manifodi yako imetengenezwa na nini. Toyota ndogo nyingi za siku hizi ziko na manifodi ya plastiki, yenye kona za ajabu, iliyochorwa kupitisha hewa tupu. Kwa hizo mimi ningeenda na nozo kavu na shoti ndogo.

Nozo kavu haina noma ya kidimbwi, kwa hivyo inaweza kukaa mbali kidogo, hata sentimita 30 kutoka kwa throtobodi, gesi ipate muda wa kuchanganyika na hewa. Kwa kawaida inakaa baada ya sensa ya hewa. Kuna kit chache zimeundwa makusudi zipulize kabla ya sensa, ili ile baridi iidanganye kompyuta iongeze petroli. Kama kit yako haikuandikwa hivyo, usijaribu hiyo ujanja. Angalia pia sensa ya joto la hewa iko wapi. Gesi inatoka ikiwa baridi kupita kiasi, na ikiipiga hiyo sensa, kompyuta itadhani umehamia barafuni na itaanza kubadilisha petroli na taimingi bila kukuuliza.

Watu wa Subaru, nyinyi mko na shida yenu. Kwa Impreza ya turbo yenye intakula juu ya injini, kutoka intakula hadi throtobodi kuna kimpira kifupi tu. Hakuna paipu ya kutoboa. Fundi akiona hivyo anarudi nyuma, anataka kuweka nozo kabla ya turbo. Mkataze. Petroli ikipitia hapo itajaa ndani ya intakula, na umejitengenezea bomu juu ya injini. Kwa gari ya turbo, mchanganyiko unaingia baada ya intakula, full stop. Ama uhamishe intakula mbele upate paipu ndefu, ama uweke sahani ya nozo katikati ya throtobodi na manifodi, ama utoboe manifodi yenyewe.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya wakubwa: kila silinda na nozo yake. Kila moja inatobolewa kwa mkono wake wa manifodi, mdomo ukielekea valvu, zote kwa umbali sawa, na zisiingilie njia ya injekta. Paipu za kutoka kwa kigawanyo lazima ziwe na urefu sawa, hata zile za karibu zikunjwe tu. Ukifupisha moja, hiyo silinda itapata kipimo chake. Ukitafuta shoti ya 50, hii ni kupoteza doo. Ukitafuta 150 na kuendelea, hapo ndio ningeanza kuifikiria.

Solenoidi zikae karibu na nozo, la sivyo kitu kimoja kinafika kabla ya kingine. Weka swichi ya throto, gesi itoke ukiwa umekanyaga hadi mwisho tu, na usiifungue chini ya mzunguko wa 3,000. Presha ya chupa iwe kati ya 900 na 1,000 PSI. Kila 50 ya nguvu unayoongeza, taimingi irudishwe nyuma kama digrii 2.

Na kabla drili iwashwe, toa hiyo paipu kwa gari. Toboa ikiwa mezani, ioshe, ikaushe, pitisha kidole ndani. Fundi akikuambia ataweka grisi kwa drili ishike vyuma akitoboa ikiwa bado imefungwa, chukua funguo zako.