Tetemeko Dogo la Nchi Katika Mbulu na Hanang

Wasomaji wetu wakaao Mbulu na Hanang walijua tetemeko la nchi, ambalo vitabu vingine huliita zilizala. Kwanza husikika mngurumo, hata mtu hudhani ni lori lipitalo mbali. Kisha vyombo hugongana, vumbi hudondoka darini, na watoto wa shule hukimbilia nje. Mara kumetulia. Jioni watu hucheka, na baada ya juma moja hakuna akumbukaye ilikuwa siku gani. Kusahau huko ndiko tunakotaka kukunena.

Nchi hii imekaa penye Bonde la Ufa, ambapo ganda la dunia huvutwa pande mbili na kupasuka polepole. Genge kuu lililo juu ya ziwa Manyara ni alama ya mpasuko huo. Na mlima Hanang, uzidio mita 3,400, ni volkano. Tarehe 7 Mei 1964, siku 11 baada ya Tanganyika kuungana na Zanzibar, tetemeko la kipimo cha 6.4 liliitikisa Mbulu. Mitambo ya nchi za mbali ililiandika. Bali waliolisikia kwa miguu yao ni wazee sasa, na kila mwaka hupungua.

Tena tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Hanang hata mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Wako waliodhani kwamba volkano imeamka. Wataalamu wakaeleza kuwa sivyo: mvua kubwa ilikuwa imelowesha miamba dhaifu ya mlima, ikameguka. Asiyezijua dalili za nchi yake hubabaika siku ya msiba.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tetemeko dogo lisidharauliwe. Andikeni katika daftari la shule siku, saa, na vitu vilivyoanguka. Kisha waulizeni wazee. Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na majirani zao Wabantu husema lugha za asili nne mbalimbali. Sharti tujue kila mmoja huliitaje tetemeko, na baba zake walifanya nini liliposikika. Pengine jina la kijito au la kilima limeficha habari ya poromoko la zamani. Nchi hutikisika kwa dakika isiyotimia. Kumbukumbu yake yaweza kuokoa wajukuu, ikiwa imeandikwa.