Klipu ya Sekunde Chache Iliyomeza Msimu Mzima

Kuna klipu moja ya zamani huzunguka mitandaoni kila mwaka fainali za raga zikikaribia. Mwanaume amesimama mbele ya milingoti. Uwanja umejaa maji kama shamba la mpunga. Anauweka mpira chini, anarudi nyuma hatua chache, anakimbia, anapiga. Mpira unaenda kombo, upande wa kulia. Yeye anaanguka magoti, anainamisha kichwa kwenye matope. Mtangazaji anasema amekosa, na hapo hapo anamhurumia, ati maskini kijana wa watu.

Klipu inaishia hapo. Unacheka, unatuma kwa grupu, unaendelea na maisha.

Mimi pia nilicheka mara ya kwanza. Halafu nikaanza kusoma huyo msee alikuwa nani, na mechi yenyewe ilikuwa gani. Wacha niwaambie ukweli, nilikosa raha. Ile klipu imewameza watu wawili wakubwa, mmoja aliyeshindwa na mmoja aliyeshinda. Leo nataka tuwarudishe wote wawili.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu hapa Kenya tukisema raga tunamaanisha ile ya Shujaa na ya Ligi ya Kenya, raga ya union. Hii ninayoongelea ni raga ya ligi. Zilikuwa mchezo mmoja hadi mwaka wa 1895. Kule kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi walikuwa watu wa migodi na viwanda. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara wa siku hiyo unaukosa. Vilabu vikataka kuwalipa fidia, wakubwa wa raga wakakataa kabisa, wakisema raga ni ya kucheza bila malipo. Ni rahisi kusema hivyo kama baba yako ana shamba na farasi. Basi tarehe 29 Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vikakutana kwenye hoteli moja mjini Huddersfield vikajitoa. Baadaye wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 na kubadilisha sheria. Huo ndio mchezo wa watu wa jasho.

Kombe lao kubwa la mtoano linaitwa Challenge Cup. Lilianza msimu wa 1896/97, Batley wakawa mabingwa wa kwanza kwa kuwapiga St Helens 10-3. Kuanzia 1929 fainali ikapelekwa London, Wembley. Ebu fikiria mji mdogo wa makaa ya mawe, watu wamechanga nauli mwaka mzima, wanapanda treni kwenda jiji kuu siku moja tu. Fainali ya Wembley kwao ilikuwa kama sikukuu.

Sasa tuje msimu wenyewe, 1967/68.

Wakefield Trinity walikuwa moto. Kombe hilo walikuwa wamelibeba 1960, 1962 na 1963. Tarehe 4 Mei 1968 wakawapiga Hull Kingston Rovers 17-10 kwenye fainali ya ubingwa wa ligi, na huo ulikuwa ubingwa wao wa pili mfululizo. Wiki moja tu baadaye, tarehe 11 Mei, walikuwa Wembley wakitafuta kombe la pili ndani ya siku nane. Njia ya kufika huko haikuwa mteremko. Nusu fainali dhidi ya Huddersfield iliisha sare ya 0-0, ikabidi irudiwe ndipo wapite.

Upande wa pili walikuwa Leeds, majirani zao, miji miwili ya Yorkshire iliyo karibu kabisa. Kwa hivyo si kombe tu lililokuwa mezani. Kulikuwa na utani wa kazini Jumatatu asubuhi, na ukishindwa na jirani unajua vile huo utani haukwishi.

Na mvua ikaja. Si manyunyu, ni mvua ya kweli, kabla ya mechi na tena mechi ikiendelea. Mpira ulikuwa unasimama kwenye madimbwi. Watu 87,100 walikuwa uwanjani, wakaona wanaume wakubwa wakiteleza kama watoto kwenye sakafu yenye sabuni. Wengi waliona mechi haikufaa kuchezwa, lakini Wembley imejaa, televisheni iko tayari, nani ataahirisha? Mpaka leo Waingereza wanaiita fainali ya maji.

Ili uelewe hesabu, kumbuka kwamba siku zile trai ilikuwa pointi 3, na kila mkwaju uliopita katikati ya milingoti ulikuwa pointi 2.

Sasa kuna huyu Don Fox. Alitoka Sharlston, kijiji cha wachimba makaa karibu na Wakefield, kwenye familia ya raga tupu. Kaka yake mkubwa, Peter, baadaye akawa kocha mkubwa na hata akafundisha timu ya taifa ya Uingereza. Mdogo wake, Neil, ndiye mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya raga ya ligi, pointi 6,220. Don mwenyewe alikuwa amecheza Featherstone Rovers zaidi ya miaka kumi akiwa skramu-hafu, yule wa kupanga mchezo nyuma ya mabeberu. Kabla ya kuhamia Wakefield mwaka wa 1965 alikuwa amewafungia trai 162. Umri ukasonga, akahamia mbele kwa mabeberu wenyewe. Kufikia Wembley alikuwa na miaka 32.

Na hii hapa ndiyo klipu haikuambii. Don hakuwa mpigaji wa kwanza wa Wakefield. Kazi hiyo ilikuwa ya Neil. Lakini Neil aliumia kinena, akakosa fainali. Don akaubeba mzigo wa mdogo wake. Tena aliubeba vizuri. Ken Hirst alipofunga trai ya kwanza baada ya winga wa Leeds, John Atkinson, kuteleza kwenye maji, Don aliongeza mkwaju. Penalti pia alipiga ikaingia. Mapumziko Wakefield walikuwa mbele 7-4. Kwenye uwanja ule ambao watu walishindwa hata kusimama, Don Fox alikuwa mchezaji bora wa siku, na si mimi nasema. Waandishi wa habari walimpigia kura ya tuzo ya Lance Todd, ambayo hupewa mchezaji bora wa fainali. Walipiga kura hiyo kabla ya mechi kuisha.

Kipindi cha pili, refa akawapa Leeds trai ya penalti, akiona Atkinson alizuiwa kimakosa akikimbilia mpira. Watu wa Wakefield waliulalamikia uamuzi huo kwa miaka mingi. Nani angejua kama angeufikia mpira kwenye bwawa lile? Bev Risman akaongeza mkwaju, Leeds 9-7. Dakika za mwisho kabisa, Risman akapiga penalti nyingine, 11-7. Mashabiki wa Leeds wakaanza kushangilia.

Wakefield wakaanzisha mpira upya, ukateleza chini chini. Hirst akaukimbilia, akaupiga teke mbele, akaufuata, akajitupa juu yake karibu na milingoti. Trai! 11-10. Mkwaju ni pointi mbili, uko mbele ya milingoti, pale ambapo hata mimi na wewe tungejaribu. Ukiingia, Wakefield ni mabingwa 12-11 na wana makombe mawili ndani ya siku nane. Hakuna muda wa kitu kingine.

Hapo ndipo klipu inapoanza.

Wazee walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Siku ile miti iliteleza, nyasi ziliteleza, na kiatu kikateleza. Mara tu baada ya mkwaju, filimbi ikalia. Leeds 11, Wakefield 10. Kamera ikamfuata Don, na muda mfupi baadaye, machozi yakimtoka, mtangazaji David Coleman wa BBC akamhoji pale pale kuhusu mkwaju na kuhusu ile tuzo. Uso wake ulionyesha wazi kuwa tuzo haikumfariji hata kidogo.

Alifariki mwaka wa 2008. Karibu kila taarifa ya kifo chake ilianza na mkwaju ule. Trai 162, ubingwa wa ligi, tuzo ya mchezaji bora, zote zikawa aya za chini.

Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili ni huyu, na nina hakika wengi wenu hamjawahi kusikia jina lake, kama vile mimi sikuwa nimelisikia.

Kocha wa Leeds siku ile alikuwa Roy Francis. Mwanaume mweusi kutoka Wales. Wanahistoria wa michezo wanamtaja kuwa kocha wa kwanza mweusi wa kulipwa katika michezo ya Uingereza, mchezo wowote ule. Alianza kucheza Wigan akiwa na miaka 17. Mwaka wa 1946 aliachwa nje ya ziara ya timu ya Uingereza kule Australia, na inaelezwa kwamba sababu ilikuwa ubaguzi wa rangi uliokuwa sera ya nchi hiyo wakati ule. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuvaa jezi ya timu hiyo katika raga ya ligi.

Akawa kocha wa Hull, akawapa ubingwa 1956 na 1958. Akaenda Leeds mwaka wa 1963. Kazi yake ilikuwa mbele ya wakati. Aliongea na kila mchezaji kulingana na akili yake, si kumfokea kila mtu sawa. Alihakikisha wake na familia za wachezaji wanajisikia ni sehemu ya klabu. Na alikuwa miongoni mwa makocha wa mwanzo kuwakalisha wachezaji watazame filamu za mechi ili wajifunze.

Soma tena hapo. Roy Francis alitumia kamera kumfundisha mtu arekebishe kosa, abaki mchezaji. Kamera nyingine, siku ya ushindi wake mkubwa, ikamgandisha Don Fox kwenye kosa moja na haikumwacha tena. Na kwa sababu sote tulibaki tukimtazama Don, hakuna aliyegeuza macho kumtazama mwanaume mweusi aliyekuwa amebeba kombe mbele ya watu 87,100 mwaka wa 1968. Kocha mweusi, Wembley, mwaka huo! Hiyo ingekuwa hadithi ya kwanza. Ikawa hadithi ya hakuna mtu.

Baada ya hapo Francis alikwenda Australia kufundisha North Sydney, mambo hayakumwendea vizuri, akarudi Uingereza akaendelea na kazi. Alifariki 1989.

Sasa kwa nini nimekaa usiku nikiandika haya? Kwa sababu mimi kazi yangu ni klipu.

Miaka miwili iliyopita nilienda mashindano ya shule kule kwetu. Fainali ya mpira, ikaenda hadi mikwaju ya penalti. Kijana mmoja akapiga ya mwisho, ikapaa juu hadi kwenye miti. Nilikuwa narekodi. Nikaweka wimbo wa kuchekesha, nikaposti. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nikafurahi, manze, sitadanganya. Mwaka jana nikakutana naye kwa stage, anauza miwa. Akanitambua kabla sijamtambua. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba watu wa pale bado wanamwita Satelaiti, na kwamba siku ile kabla ya penalti alikuwa amefunga mabao mawili.

Mabao mawili. Nilikuwa nayo kwa simu. Nilikuwa nimerekodi mechi yote.

Nilifuta ile video jioni hiyo hiyo, lakini nyinyi mnajua vile mtandao uko. Ilikuwa imeshapita kwa magrupu, iko kwa simu za watu ambao sitawahi kuwajua. Kwa hivyo sikuwa nimefuta kitu, nilikuwa nimejiosha mikono tu.

Sisemi tusicheke. Michezo bila kucheka itakuwa kama kazi ya ofisi. Wala sisemi mkwaju wa Don Fox usionyeshwe. Ulitokea, na ni sehemu ya historia. Ninachosema ni hiki: ukionyesha mkwaju, onyesha pia kwamba alikuwa anabeba mzigo wa mdogo wake aliyeumia. Onyesha maji. Onyesha ile trai ya penalti ya refa. Onyesha kocha aliyeshinda. Inachukua sekunde thelathini zaidi, na sisi wenye kuhariri tunazo hizo sekunde. Tunazikata kwa sababu tunajua kicheko kinatembea haraka kuliko maelezo.

Kesho nitaposti mabao mawili ya yule kijana. Nimemwuliza kwanza, amekubali, ila amesema nisiweke wimbo.